Kiuno cha Thelathini na Nne

Fundi wetu wa nguo alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu na kiuno cha inchi thelathini na nne. Umri ulithibitishwa na cheti cha kuzaliwa. Kiuno kilithibitishwa na mkewe. Kati ya mashahidi hao wawili, aliyetiliwa shaka na Fundi ni cheti.

Mtaani aliitwa Bado. Mwenyewe alieleza kuwa jina hilo ni ufupisho wa "bado kijana", kwa kuwa uso wake haukuwa na kunyanzi na mvi zake hazikuzidi kumi, ambazo alizijua moja moja. Sisi wateja tulikuwa na maelezo mengine. Kila ulipokwenda kuchukua nguo uliyoahidiwa Jumanne, ukamkuta ameketi nyuma ya cherehani na pini tatu mdomoni, jibu lilikuwa hilo hilo moja. Hata hivyo hatukumhama, na sababu ya kutomhama sina budi kuieleza kwanza, maana pasipo hiyo habari hii haina miguu.

Chumba chake kilikuwa cha pili kutoka kona, ubavuni mwa kinyozi. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, ya kwake karibu na mlango ili apate mwanga, ya mkewe karibu na ukuta, meza ya kukatia iliyojaa makovu ya mkasi, pasi nzito, kioo kirefu kilichoegemezwa nyuma kidogo ili kila ajitazamaye ajione mrefu, na daftari la vipimo. Daftari hilo lilikuwa na kanuni yake. Mteja alipopimwa kiuno, Fundi alitamka kwa sauti namba ya kupendeza, akaiandika, kisha chini yake akaweka nukta ndogo ndogo, mfano wa wino uliodondoka kwa bahati mbaya. Kila nukta ilikuwa inchi moja. Aliyetajiwa thelathini na sita na kuwekewa nukta nne alikatiwa suruali ya arobaini, akaivaa, ikamkaa, akaondoka akilisifu duka ambalo humo mtu hanenepi. Mimi niliyajua haya baada ya miaka kumi na minne ya uteja mwaminifu, siku daftari lilipoanguka nami nikainama kuliokota. Nilikuwa na nukta tano. Nilimwomba tu aniongezee mfuko wa ndani.

Sasa, mganga hajigangi, na fundi hajipimi. Ukiinamisha kichwa usome tepu, tumbo hutoka. Ukiinua kichwa, tumbo huingia lakini namba huioni. Kwa hiyo Fundi alipimwa na mkewe, mara moja kwa mwaka, na suruali zake zilikatwa na kushonwa na mke huyo tangu chaki ya kwanza hadi kishikizo cha mwisho. Alikuwa mwanamke mpole wa maneno na mkali wa mshono. Alimzungushia mumewe tepu, akatazama, akasema "thelathini na nne", kisha akaitarizi namba hiyo kwa uzi mwekundu upande wa ndani wa ukanda wa suruali. Alisema hivyo kwa miaka kumi na tisa mfululizo.

Katika miaka hiyo hiyo Fundi aliketi saa kumi kwa siku. Alikunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari kila mteja alipoingia, kwa kumheshimu mteja, na nyingine kila mteja alipotoka, kwa kujipongeza. Kituo cha mbali zaidi alichokwenda kwa miguu kilikuwa kwa kinyozi.

Ni kinyozi huyo aliyeleta habari. Hospitali ilikuwa imebandika tangazo: walihitajika watu wa miaka arobaini hadi sabini, wanaume kwa wanawake, kwa ajili ya utafiti juu ya protini moja ya damuni inayohusishwa na kuchelewa kuzeeka. Kinyozi alilisoma tangazo kama mtu anayesoma barua ya jirani yake. Akamweleza Fundi kwamba bila shaka wataalamu wameona watu wasiozeeka, wanataka kujua wanacho nini, na kama kuna mtaa wenye protini hiyo, basi imejaa chumba cha pili kutoka kona. Fundi alijibu kwa unyenyekevu kwamba yeye si mtu wa kujionyesha. Siku iliyofuata aliwahi kufika hospitali saa moja kasorobo, amevaa suti ya kijivu.

Waliofika walikuwa kama sitini. Daktari mtafiti, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya chini, aliwaeleza mambo kwa utaratibu. Protini hiyo huitwa klotho. Hutengenezwa zaidi kwenye figo, nayo hupungua kadiri umri unavyosogea. Panya walionyimwa protini hiyo maabarani walizeeka upesi, na waliozidishiwa waliishi muda mrefu zaidi. Sasa wanasayansi wanauliza kama watu wenye protini hiyo kwa wingi huepukana na dalili tano ambazo hupenda kutembea pamoja: kiuno kilichotanuka, shinikizo la damu lililopanda, sukari iliyozidi, mafuta mabaya mengi na mafuta mazuri machache. Mwenye dalili tatu kati ya hizo huhesabiwa kuwa na sindromu ya metaboli, na mlango wa kisukari na maradhi ya moyo huwa umeachwa wazi kwake. Tafiti kadhaa zimeona kwamba penye protini nyingi dalili hizo huwa chache. Lakini kuonekana pamoja si kusababishana, alionya daktari, kwani miavuli nayo huonekana pamoja na mvua.

Jina la protini, aliongeza, limechotwa katika hekaya ya kale ya madada watatu wanaoshika maisha ya kila mtu: mmoja husokota uzi, wa pili huupima, wa tatu huukata.

Fundi alinyoosha mkono. "Na anayeshona ni nani?"

"Hakuna anayeshona, mzee wangu."

"Basi ndiyo maana watu wanafariki. Kazi haimalizwi."

Ukumbi ulicheka, na Fundi akaketi akiwa ameridhika, isipokuwa kwa lile neno "mzee", ambalo alilisamehe kwa kuwa daktari alikuwa amekaa mbali.

Kisha wakapangwa mstari kupimwa. Muuguzi, binti mwenye mikono myepesi, alimwomba avue koti, akatafuta kwa vidole ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akapitisha tepu katikati ya hapo, akasoma: sentimita mia moja na tisa. Fundi, ambaye hahitaji kikokotoo kuzigeuza sentimita kuwa inchi, alisikia arobaini na tatu kasoro ukucha.

Alimweleza binti kwa upole kwamba tepu yake ni mbovu. Binti akajibu kuwa huenda imelegea kwa kuvutwavutwa, ikarefuka. Hapo Fundi alijikuta njia panda, maana elimu yake ilimkataza kukubali: tepu iliyolegea hupunguza namba, haiongezi. Akasema hii haikulegea, imesinyaa. Binti akauliza tepu ya plastiki isiyofuliwa itasinyaaje. Fundi akavua tepu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa shingoni siku zote kama mkufu wa meya, akamkabidhi. Ya kwake nayo ikasema arobaini na tatu.

"Unapima mahali pasipo, binti yangu. Hapo si kiuno. Kiuno ni hapa chini, suruali inapokaa. Hapo ni tumbo."

"Ndilo tunalolitafuta, baba."

Shinikizo la damu nalo lilisomwa, likawa la juu. Wakatoa damu, wakamwambia arudi baada ya wiki.

Wiki hiyo Fundi aliitumia kufanya uchunguzi wake binafsi, akisaidiwa na kinyozi. Wakafikia uamuzi kwamba muuguzi aliisoma tepu akiwa ameinama upande usiofaa, hivyo akaigeuza namba: thelathini na nne ikawa arobaini na tatu. Ushahidi wa jambo hili ulikuwa wazi kiasi cha kutisha, kwa kuwa tarakimu zilikuwa zile zile. Kinyozi alikumbusha kwamba mara ya kwanza binti alisema mia moja na tisa. Fundi alimjibu kuwa hiyo ni namba ya hospitali, na namba za hospitali zina mambo yake.

Mkewe aliyasikia yote haya kutoka ukutani. Siku hiyo alivunja sindano mbili.

Baada ya wiki daktari alimwita faragha. Alimwambia kwamba ana dalili nne kati ya tano. Fundi, aliyependa mitihani tangu utoto, alishukuru kwa alama nzuri, akauliza waliopata tano ni wangapi. Ikambidi daktari aanze upya, safari hii bila tabasamu: shinikizo liko juu, sukari ya kabla ya kula imevuka mpaka, mafuta mabaya yamezidi. Alitaka arudie vipimo baada ya siku kumi, aanze dawa, atembee kila siku na aweke kijiko cha sukari chini. Akiacha mambo yaende yanavyokwenda, kinachofuata ni moyo, au figo, au macho, na fundi asiyeona tundu la sindano ni fundi wa kusimulia.

Fundi aliikataa karatasi ya dawa. Hoja yake ilikuwa kamili, na ubaya wake ulikuwa hapo. Watu hawa, alisema, wamekosea kiuno, kitu kinachoonekana kwa macho na kushikwa kwa mikono. Ataziaminije namba walizozitoa katika chupa ya damu? Kiuno kikirekebishwa, na mengine yatarekebishika. Akarudi nyumbani, akanywa chai.

Zile siku kumi zilimpitia mkewe kama mwaka. Aliona mambo ambayo zamani aliyaona bila kuyahesabu: kwamba mumewe huamka na kiu na kulala na kiu, kwamba hutoka chooni na kurudi chooni, kwamba Jumatano alisinzia juu ya cherehani akashona mkono wa shati la mtu kwenye ukosi. Alimwomba achukue dawa. Akamwomba tena kwa kupitia watoto wao, ambao walipiga simu kutoka makwao na kujibiwa kwamba baba yao ana kiuno cha ujanani. Kila njia aliyoishika ilimfikisha kwenye uzi mwekundu, na uzi mwekundu alikuwa ameutia yeye.

Asubuhi ya siku ya kumi, saa tatu, Fundi aliitundua suruali ya suti kutoka kwenye kiango, akailaza juu ya meza ya kukatia. Alikuwa amemwalika kinyozi awe shahidi. Mpango ulikuwa kwamba ukanda wa suruali upimwe mbele ya watu wawili, namba iandikwe, kinyozi atie sahihi, na karatasi hiyo iende hospitali pamoja na suruali yenyewe. Katika miaka kumi na tisa haikuwahi kumjia akilini kuipima kazi ya mkewe. Kwake ingekuwa sawa na kumkagua mfukoni. Hata sasa alimwomba radhi kwanza, akisema hapimi kwa kumshuku yeye bali kwa kuwafundisha wenye shaka.

Alikunjua tepu. Cherehani ya ukutani ikanyamaza.

"Baba watoto, usiipime."

"Kwa nini nisiipime? Huu ni ushahidi."

"Ndiyo maana nakwambia usiipime."

Fundi alibaki ameshika tepu hewani. Alimtazama mkewe, akaitazama suruali, akamtazama mkewe tena. Mtu wa kazi nyingine angehitaji maelezo marefu. Yeye alihitaji swali moja tu.

"Nukta ngapi?"

"Tisa."

Kinyozi alikumbuka kwamba ana mteja kitini, akaaga na kutoka haraka, ingawa kiti chake kilikuwa kitupu tangu afungue.

Mama huyo alieleza akiwa ameikunja mikono yake mapajani. Ulikuwa mwaka ule ambao sare za shule, zilizowalisha kwa miaka minane, zilihamishiwa kiwandani. Fundi aliacha kula, akaacha kusema. Suruali zikamning'inia kama nguo za mtu mwingine. Miezi ilipita kabla hajaanza kukirudia chakula, na mke alifurahi kwa kila tonge. Siku ya kumpima mwaka ule tepu ilionyesha thelathini na tano. Mumewe akauliza ni ngapi, kwa sauti ya mtu anayeomba walau habari moja njema katika mwaka mzima. Akampa. Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu sare ziondoke. Mwaka uliofuata mke alitaka kusema kweli, lakini kweli ya mwaka wa pili ingeufichua uongo wa mwaka wa kwanza, na hivyo nukta zikazaana.

"Wakati ule nilitaka ucheke," alisema. "Sasa nataka uishi. Dawa zile uzichukue, kisha unikasirikie utakavyo."

Fundi aliigeuza suruali ndani nje, akaiinua kwenye mwanga wa mlango. Methali isemayo kwamba kikulacho ki nguoni mwako sidhani kama imewahi kumpata mtu kwa usahihi kama ule. Kwa dakika kadhaa alipitisha kidole gumba juu ya mishono. Palikuwa na kipande cha pembetatu nyuma, kimeingizwa kwa ustadi hata nyuzi za kitambaa zimekutana kana kwamba zimefumwa pamoja. Mishono ya pembeni ilikuwa imesukumwa mbele. Ukanda wenyewe ulikuwa na kiungo chini ya kila kitanzi cha mshipi, mahali ambapo hakuna ajuaye kutazama isipokuwa fundi, na fundi hakutazama.

"Mifuko uliisogeza lini?"

"Mwaka wa sita. Ilikuwa imeanza kwenda mgongoni."

"Na hiki kiungo, mbona hakitunishi kitambaa?"

"Nilipunguza bitana."

Alitaka kukasirika, na alikuwa na haki zote. Lakini macho yake yalimsaliti, kwa kuwa kila alipokusanya hasira aliukuta mshono mwingine usio na kasoro. Hatimaye alisema, kwa ukali uleule ambao wengine hutumia kutukana, kwamba kazi ni safi. Kisha akauliza, taratibu, kama wateja wake wanayajua haya. Mkewe akamjibu kwamba mtaa mzima una macho. Fundi akakaa. Akafikiri juu ya watu wote waliompongeza kwa ujana, wakiwa wamesimama mbele ya meza ile na nukta zao, nao wakimwekea yeye za kwake.

"Basi sote tulikuwa tunashoneana," alisema, akavaa koti.

Walikwenda hospitali pamoja siku ile ile. Vipimo vilirudiwa, na namba zilikuwa ndugu wa zile za kwanza. Fundi alimwomba radhi muuguzi mbele ya foleni nzima, akikiri kuwa tepu yake ni nzima na mkono wake ni wa fundi. Binti alifurahi kuliko alivyotarajia kufurahi kazini. Fundi akachukua karatasi ya dawa. Alipofika mlangoni aligeuka, kwa kuwa lilibaki jambo moja ambalo hakuweza kuondoka nalo: ile protini, yeye anayo nyingi au chache?

Daktari alisema hawezi kumwambia. Damu za washiriki wote zitapimwa pamoja mwishoni mwa utafiti, na jibu litakuwa la kundi, si la mtu mmoja mmoja. Tena, hata ingekuwa nyingi, haikumzuia asipate dalili nne; na hata ikiwa chache, kutembea na kuacha sukari kunamfaa vile vile. Fundi aliuliza washiriki ni wangapi. Akaambiwa elfu moja na mia mbili. Alisononeka kidogo, kama mtu aliyekwenda kupigwa picha peke yake akawekwa katika picha ya shule.

Nisiseme kwamba alibadilika akawa mtume. Dawa alizimeza, kwa sababu mkewe alisimama mbele yake hadi koo lipande na kushuka. Chai ilibaki na kijiko kimoja, kisha nusu, kisha alikunywa bila sukari kwa wiki nzima akiwa na uso wa mfiwa. Kila jioni kabla ya giza walitembea wawili hadi kwenye mzunguko wa barabara na kurudi, mke mbele, mume nyuma akilalamikia viatu. Dukani alijaribu kwa siku moja kumtajia mteja namba ya kweli; mteja akachukua kitambaa chake na kwenda kwa fundi mwingine. Kanuni ya nukta ikarejeshwa kabla ya saa sita. Lakini ikaongezwa kifungu: mwenye nukta zinazozidi nne huambiwa kwa sauti ya chini, wakati wa kupimwa urefu wa mguu, kwamba hospitali wanapima shinikizo la damu na sukari, na kwamba muuguzi wa pale ana mkono mwepesi. Mimi niliambiwa. Nilikwenda. Hayo yanabaki baina yangu na muuguzi.

Miezi mitano baadaye Fundi alirudi kupimwa. Sukari ilikuwa imeshuka, na shinikizo lilikuwa linakaribia kutii. Mkewe aliketi kwenye benchi na mkoba wake. Muuguzi alitafuta ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akapitisha tepu katikati, akaivuta, akatabasamu.

"Mia moja na nne, baba. Hongera."

Fundi hakutabasamu. Alikuwa ameisikia tepu ikimbana ubavuni, na hilo halikuhitaji kuinamisha kichwa.

"Umevuta sana, binti yangu. Legeza kidogo, iguse ngozi tu. Pima tena."

Binti akalegeza, akapima tena. Mia moja na tano.

"Andika hiyo," alisema Fundi.